Milango Kumi na Mmoja ya Kyeni

Bomba lilikohoa.

Hapo ndipo tulipomwacha Kasiva Mutiso katika sehemu iliyopita, Ijumaa asubuhi: ndani ya chumba namba tisa cha jengo la Kyeni, mjini Wote, mkono wake ukiwa kwenye bomba, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikiuliza, "Nani amekupa ufunguo?"

Bomba likakohoa tena, likatema vumbi jekundu na vipande vya udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya mdomo wake. Na nyigu, msomaji, hajengi mahali panapopita maji kila asubuhi.

Mkobani mwa Kasiva mlikuwa na ripoti aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ukurasa wa nne ulisema kwamba chumba hicho kina mpangaji, muuguzi, aliyelipa kodi miezi ishirini na minne mfululizo bila kuchelewa hata siku moja.

Aligeuka. Mlangoni alisimama Kivuva, ajenti wa jengo, viatu vyake viking'aa kana kwamba mji wa Wote hauna vumbi.

"Mwalimu, nimeuliza swali," Kivuva alisema.

"Na mimi nina langu. Muuguzi yuko wapi?"

"Yuko zamu."

"Ameenda zamu na kitanda?"

Kivuva akakitembezea jicho chumba kile kitupu, pazia la maua ya zambarau, sakafu iliyopauka, waya wa taa usio na taa. Kisha akafanya jambo ambalo Kasiva hakulitarajia. Akacheka.

"Sawa," akasema, akiurudisha mlango polepole nyuma yake. "Umeshinda. Hakuna muuguzi. Alihamia Emali mwaka juzi. Sasa uliza swali lile lingine."

"Lipi?"

"Kama hakuna mtu, nani analipa?"

Kesho yake saa sita mchana, kule Mutomo, wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha Kyeni wangempa afisa wa benki hati za mashamba yao ziwe dhamana ya mkopo. Walitaka kujenga nyumba ya pili huko Kibwezi, ya vyumba ishirini. Benki ilidai vitu viwili tu: hati zote kumi na moja, isikosekane hata moja, na sahihi ya Kasiva chini ya ripoti ile. Yeye ndiye mthamini wa mali, mwalimu wa chuo kule Kitui mjini, binti wa mmoja wao. Neno lake ndilo lingeyaweka mashamba yale mezani.

"Nani analipa?" Kasiva aliuliza.

Kivuva akamwonyesha simu. Ujumbe ulikuwa mfupi. Shilingi elfu sita, tarehe tatu. Akapandisha kidole: elfu sita, tarehe tatu, mwezi uliotangulia. Na uliotangulia huo. Jina la mtumaji halikubadilika.

Syombua Mutiso.

Mama yake.

Kila tarehe mbili ya mwezi, kwa miaka miwili sasa, Kasiva alikuwa akimtumia mama yake shilingi elfu sita za dawa ya presha na za goti linalomuuma. Pesa zile zililala kwa mama usiku mmoja tu. Asubuhi yake zilikuja Wote, zikawa kodi ya muuguzi asiyekuwepo, zikaingia katika ripoti, na Kasiva, kwa kalamu nyekundu, akazipigia mstari na kuziita faida.

"Mlango wa tisa ni wa mamako," Kivuva alisema kwa upole wa mtu anayetoa pole msibani. "Unajua hii maneno ya kikundi. Kila mwanachama ana mlango wake wa kujibia, na kodi yote wanagawana sawa. Wake ukakosa bahati. Nikampigia simu, nikamwambia Mama, wengine wote wamejaa, ni wewe peke yako. Akaniambia, Kivuva, usinitie aibu, mimi nitalipa mpaka apatikane mtu."

"Na hajapatikana."

"Atapatikana. Lakini fikiria, Mwalimu. Ni mlango mmoja. Mmoja kwa kumi na mmoja! Hata wewe mwenye vitabu utasema si kitu. Ama unataka kesho usimame mbele ya kina mama umwanike mzazi wako?"

Hesabu ilijipiga kichwani mwa Kasiva kabla hajaiita. Jengo liliwagharimu milioni nane. Kwa vyumba vyote na duka la chini, mapato ya mwaka yalikuwa asilimia kumi na moja na nukta nne ya gharama hiyo. Toa mlango mmoja: kumi na nusu. Bado ni kazi nzuri. Bado benki ingetabasamu. Ingehitajika kurekebisha mstari mmoja tu, wala jina la mtu lisingetajwa.

Na kweli, msomaji, alikwisha kukata shauri. Aliteremka ngazi akiwa ameshatunga moyoni sentensi atakayoiandika.

Alisimama dukani kurudisha ufunguo.

Mwenye duka, Hodo, mama wa makamo kutoka Garissa, alikuwa akipanga vibiriti. Ufunguo ule aliachiwa na muuguzi siku alipohama, na katika miaka miwili hakuna mtu aliyekuja kuuchukua.

"Umeona wenye nyumba?" Hodo aliuliza.

"Nimewaona. Nyigu."

"Hao hawanunui kitu kwangu."

"Ni chumba kimoja tu, Mama Hodo. Vingine viko sawa."

Hodo akaiweka chini pakiti ya vibiriti. Akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anayesema amepona.

"Nani amekuambia?"

"Ajenti."

"Wallahi! Mwalimu, keti." Akamsukumia kreti ya soda. "Mimi ni mtu wa duka, sikusoma. Lakini sikiliza. Mtu anaweza kununua nyama sokoni. Nguo ataenda Machakos. Lakini chumvi na kiberiti atanunua chini ya ngazi yake. Mtu gani anakaa miaka miwili hanunui hata chumvi?"

Kasiva akaketi. "Wanaonunua chumvi ni wangapi?"

Hodo akainua vidole vitatu.

"Namba moja, yule dereva. Namba nne, mama na mtoto wake, watu wa heshima. Namba sita, vijana wawili wa kaunti, na hao ni kelele tu na kukopa mayai."

"Na wengine?"

"Wengine ni mapazia."

"Mapazia?"

"Ajenti alinunua kitambaa hapa kwangu, mita arobaini. Nikamwambia, ndugu yangu, wapangaji wako wote wanapenda maua ya zambarau? Akaniambia nishone mdomo." Hodo akacheka kidogo, kisha akaacha. "Toka nje uangalie juu."

Kasiva akatoka. Akaangalia juu. Madirisha manane yalikuwa na pazia la aina moja, kila pazia limevutwa hadi katikati kwa kipimo kimoja, kama askari kwenye gwaride.

"Mbona hukuniambia mwaka jana?" aliuliza aliporudi, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Mwaka jana ulikuja, ukapiga picha, ukanunua maji ya chupa, ukaniuliza mimi nalipa kodi ngapi. Hukuniuliza nani anakaa juu."

Hakukuwa na uchungu katika maneno hayo, na kwa sababu hiyo yalimchoma zaidi.

Alikumbuka mchoro wa ukurasa wa sita. Mapato ya miezi ishirini na minne, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mwaka uliopita mishahara ya wafanyakazi wengi hapo Wote ilichelewa miezi mitatu. Wenye maduka walilia, wenye nyumba walilia. Kyeni pekee haikutikisika. Chini ya mchoro aliandika neno moja alilojivunia: *Hatari: ndogo.* Ilhali mahali ambapo mvua yenyewe haiji kwa tarehe, mstari usiopanda wala kushuka ulipaswa kumwamsha usingizini. Aliwafundisha wanafunzi wake jambo hilo kila mwaka.

Milango minane mitupu. Si asilimia kumi na moja. Ni nne, na kidogo.

Ndipo swali lenyewe likamshika. Kama mama yake alilipia mmoja, nani alilipia ile saba?

*

Alifika Mutomo saa kumi jioni. Mama yake alikuwa uani, akipepeta ndengu.

Kasiva hakumsalimia kwanza. Alitazama zizi. Kulikuwa na mbuzi watatu. Krismasi walikuwa kumi na wanne.

"Wengine wako malishoni, mwaitu?" aliuliza. Mwaitu ndilo neno la Mkamba kwa mama aliyemzaa, naye hulitamka kwa uzito tofauti akiwa na furaha na akiwa na hofu.

"Wako malishoni," mama alisema bila kuinua macho.

"Malisho ya Wote?"

Ungo ukasimama.

"Kivuva ana mdomo," Mama Syombua akasema.

"Unakunywa dawa ya presha?"

"Nakunywa."

"Niletee kopo nilione."

"Wewe umekuja kunipima na mimi?"

Walitazamana. Wa kwanza kuinamisha macho alikuwa mama.

"Nakunywa siku moja, naruka moja, na hiyo moja nainunua kwa mbuzi," akasema. "Mganga ni Mungu."

"Kwa nini, mwaitu? Kwa ajili ya chumba?"

"Si chumba." Mama akalinyoosha kando lile goti bovu, akaketi vizuri. "Wewe ulisoma ukaenda, hukuchimba mwethya, kazi yetu ya kushirikiana. Sisi tulipochimba mitaro ya mashamba, kila mtu alipimiwa kipande chake. Mtu akiugua, kipande chake hakibaki. Wenzake watamchimbia na hawatasema kitu. Lakini wewe utajua, na ukipita pale, kila siku utajua. Baba yako alipokuwa hospitali, walinichimbia vipande saba. Saba, Kasiva. Sikutaka wanichimbie cha nane."

"Kivuva alikuambia ni wewe peke yako?"

"Peke yangu."

"Aliniambia hivyo hivyo leo. Ni milango minane, mwaitu."

"Minane nini?"

"Mitupu. Kuna wenzako saba wanaolipa kama wewe."

Mama yake akacheka, cheko fupi la kumhurumia mtoto. "Nduku alipe? Nduku ni mwenyekiti. Nduku angesema."

"Wewe ulisema?"

Mama aliuinua ungo, akapepeta makapi yaliyokwisha kuondoka.

"Kesho sema hesabu zako," alisema. "Sikukatazi. Lakini jina langu usilitie mdomoni. Niahidi."

Kasiva aliahidi.

*

Jumamosi saa tano na nusu ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Wanawake kumi na mmoja waliketi mbele kwa vitambaa vyao vya kichwa vya kijani, kila mmoja amekumbatia bahasha. Kivuva alikuja mapema na kreti mbili za soda, akasimama karibu na mlango akisalimu kila mtu kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Nduku, mwenyekiti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha shule nzima, aliomba sala, akafungua kikao, akamwita Kasiva mbele.

"Mwana wa Mutiso, soma haraka. Benki inakuja saa sita, na sisi tumefunga tangu asubuhi."

"Mama Nduku, sitasoma."

Minong'ono.

"Ripoti niliyoandika ni ya uongo. Sikuwadanganya kwa kutaka. Nilipima karatasi, sikupima nyumba. Jana nilikwenda Wote. Juu ya Kyeni wanakaa wapangaji watatu."

Kelele zikapasuka. Kivuva akaruka mbele.

"Kina mama! Kina mama, huyu mtoto amechoka na safari. Kama kuna watatu, mbona pesa ya vyumba kumi na moja inafika? Mmewahi kukosa?"

"Hatujawahi!" sauti mbili tatu zikajibu.

"Basi!"

Kasiva alisubiri watulie. Kisha alizungumza polepole, kama azungumzavyo darasani.

"Naomba jambo moja. Sitataja jina la mtu. Yeyote aliyeambiwa kwamba mlango wake peke yake ndio mtupu, na amekuwa akiulipia kimya kimya, asimame."

Nje mbuzi alilia.

Hakuna aliyesimama.

Kivuva akatabasamu.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Mama Syombua, akishikilia bega la jirani yake kwa sababu ya goti, alikuwa akijiinua. Hakumtazama binti yake. Alitazama ukuta.

"Mimi," akasema. "Namba tisa. Mbuzi wangu wameishia huko."

"Ai, Mama Kasiva!" mtu akaguta. Kisha yule aliyeguta akajiziba mdomo, akasimama na yeye. "Namba mbili," akasema, akaanza kulia.

"Namba kumi na moja. Niliuza ng'ombe wa maziwa."

"Namba saba."

"Namba tano. Nilimwambia mzee wangu ni mchango wa kanisa, Bwana anisamehe."

Namba nane. Namba kumi. Walisimama mmoja mmoja, na kila aliyesimama aliwatazama wengine kwa mshangao wa mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Saba walikuwa wima. Kasiva alihesabu mara mbili. Alikosa mmoja.

Nduku alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti. Mikono yake ilikuwa juu ya Biblia. Akaiondoa, akasimama kwa urefu wake wote.

"Namba tatu," alisema. "Mimi ndiye wa kwanza. Miezi ishirini na sita."

Ndipo Kivuva akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea mlango.

"Kivuva, keti," Nduku akasema bila kugeuka. "Bado hatujaanza na wewe."

"Mama, mimi sikuiba! Kila shilingi niliwaletea!"

"Ndiyo. Uliichukua kwangu ukaniletea. Na njiani ukakata kumi kwa kila mia, za kuchoka na safari."

Mtu akacheka, kisha wengine, kisha ukumbi wote. Kicheko kikali, kilichochanganyika na machozi. Kivuva akaketi juu ya kreti yake ya soda, akajifuta jasho.

Kasiva alipumua. Limekwisha, alijiambia. Watavunja safari ya Kibwezi. Mashamba yamepona.

Lakini mmoja wa wale watatu waliobaki wameketi, Ndinda, mdogo kuliko wote, alikuwa amefunika uso kwa leso akilia kuliko waliosimama.

"Wewe unalilia nini?" jirani akamwuliza. "Mlango wako una mtu. Wewe ulibahatika."

"Kubahatika?" Ndinda akauinua uso. "Mmechimba miaka miwili bila kuniita! Mimi nimekula faida, nimenunua tangi la maji, nimepeleka mtoto shule, kumbe nilikuwa nakula mbuzi wa Mama Kasiva! Mbona hamkuniita?"

Nduku akateremka, akamshika mkono.

"Hatukujua tuko wengi, mwana wakwa, mwanangu," alisema. Kisha akageuka, na Kasiva akaona katika uso ule kitu kilichomtia baridi. Haukuwa uso wa mtu aliyeshindwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyegundua kitu.

"Mwalimu. Umetuambia ripoti ni uongo. Sasa tufundishe. Hatari ni nini?"

"Ni lile baya linaloweza kutokea, Mama, na ukubwa wa hasara yake likitokea."

"Na baya la nyumba ya kodi ni lipi?"

"Kukosa wapangaji."

"Lilitokea?"

"Lilitokea."

"Milango minane?"

"Minane."

"Miaka miwili. Na kiangazi, na mishahara kuchelewa, katikati. Kyeni ilianguka?"

"Haikuanguka kwa sababu nyinyi mliibeba!"

"Basi andika hivyo." Nduku akawageukia wenzake. "Kila mmoja wetu alibeba peke yake, gizani, akidhani ni yeye tu. Na tulibeba! Tukibeba pamoja, mchana, nani atatuangusha?"

"Hakuna!"

"Mama Nduku, sikilizeni!" Kasiva alipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya wazee. "Kibwezi ni vyumba ishirini. Na ule ni mkopo, si Kyeni mliyoijenga kwa akiba yenu. Benki haichimbi mwethya. Mkikosa miezi mitatu, haitawachimbia kipande, itachukua shamba. Mtabeba kwa nini? Mbuzi wamekwisha. Ng'ombe wamekwisha. Mama yangu anaruka siku za dawa!"

Alikuwa ameivunja ahadi aliyompa mama yake. Hakutaja mlango, lakini alilitaja la ndani zaidi.

Mama Syombua akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatembea, akichechemea, hadi mezani, akaiweka bahasha yake mbele ya mwenyekiti.

"Yangu ni hii," akasema.

"Mwaitu, hapana!"

"Ulitaka nisiwe na siri. Sina siri tena. Nimekaa miaka miwili nikiogopa hawa wanawake watanichimbia. Kumbe na wao waliniogopa mimi. Sitaki kuogopa tena. Mungu akitunyima wapangaji, tutalala humo sisi wenyewe."

Vicheko. Bahasha ya pili ikatua mezani. Ya tatu. Ndinda alikimbia ili yake isiwe ya mwisho. Kasiva alizitazama zikirundikana, na akajua kwamba hajawahi kuona, katika vitabu vyake vyote, kipimo cha kitu kilichokuwa kikitendeka mbele yake. Haikuwa ujinga. Ujinga angeuweza.

Bado alikuwa na kalamu. Bila sahihi yake benki isingetoa kitu. Angekataa, wamchukie miaka yote, na mashamba yabaki.

Nje, gari likasimama. Mlango wa gari ukafungwa.

"Benki hao," mtu akasema.

Nduku alikuwa akifungua bahasha moja moja, akisoma kila hati kwa sauti, apate kuzipanga. Alifika kwenye ya Mama Syombua. Akaisogeza hati kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Kasiva," akasema taratibu, "hii haina jina lako."

"Najua."

"Ni ya nani?" sauti zikauliza.

Nduku aliigeuza hati juu ya meza, akaisukuma upande wa pili, mpaka ikagusa vidole vya mthamini.

Kasiva akasoma. Nambari ya shamba aliifahamu tangu utotoni. Ukubwa wake aliufahamu. Chini yake, kwa herufi za mashine, palikuwa na jina la mwenyewe.

KASIVA MUTISO.

"Lini?" Kasiva alimgeukia mama yake. "Mwaitu, lini?"

"Mwaka wa mazishi ya baba yako. Zile karatasi za korti."

"Sikujua ni za shamba!"

"Hukuuliza. Nilikupa karatasi sita, ukatia sahihi zote huku unalia." Mama alinyoosha mkono, akamfuta kitu shavuni kwa kidole gumba, mbele ya watu wote, kama alivyofanya alipokuwa mtoto. "Miaka yote hii nimeishi kwako. Jana usiku ndipo nilipofikiria, kesho huyu mtoto atapima shamba la watu, kumbe ni lake."

Afisa wa benki alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, akihisi kwamba ameingia katikati ya jambo.

"Samahani, kina mama," alisema. "Nimeambiwa kuna ripoti ya kutiwa sahihi na mthamini. Na hati zitiwe sahihi na wenye mashamba. Zote kumi na moja, ama turudi tu. Wako tayari?"

Nyuso kumi na moja zilikuwa zimeelekea mahali pamoja.

Karatasi mbili, ripoti na hati, zilikuwa mbele ya Kasiva sasa. Moja ilitaka aseme hatari ni kiasi gani. Nyingine ilitaka aibebe.

"Sasa pima, mwanangu," Mama Syombua akasema. "Pima ukijua kipande hiki ni chako."

Kasiva akazivuta karatasi zote mbili kwake, akafungua kalamu.